Marehemu Hajibiwi

Nchi yenyewe siitaji jina. Atakayetaka kujua iliko na awaulize wale wanaojua kila kitu, hawakosekani, na wengine wameajiriwa kwa kazi hiyo. Ninachojua mimi ni kwamba ni nchi nzuri, ina mito, ina milima, ina katiba, na wananchi wake wana afya njema isipokuwa wale waliokufa kwa kura. Hao nitawafikia. Mwenye kikohozi na akohoe sasa.

Basi katika nchi hiyo alikuwako bwana mmoja akiitwa Faraji Mtumbati, fundi wa kutunga michezo. Msicheke, ilikuwa kazi. Kwao mtu akifiwa, ndugu na majirani huja na mikeka yao kukaa matanga, na msiba hauna adui kama usingizi. Mfiwa akiinua kichwa akakuta waombolezaji wote wanakoroma, hujiona amefiwa upya. Wengine walicheza bao, wengine karata. Faraji aliwatungia mchezo wake, akauita Fisi.

Mchezo ulikuwa rahisi. Kila mtu anapewa kadi kwa siri. Wengi wana kadi ya mwanakijiji mtupu, wachache wana kadi ya fisi. Msimulizi anasema usiku umeingia, wote wanafumba macho, kisha fisi peke yao wanafumbua na kuchagua wa kumla. Kukitangazwa kumekucha, kijiji kinamkosa mwenzao, kinaanza kubishana fisi ni nani, kinainua mikono, kinamtoa mtu. Aliyetolewa ni marehemu. Kadi yake inafunuliwa, watu wanaona kama wamepatia au wamemwonea, naye anakaa kando, hasemi wala hajibiwi mpaka mwisho. Fisi wakiisha, mchezo umekwisha, marehemu wanafufuka na kudai maandazi yao.

Uhodari wa Faraji ulikuwa katika kugawa nguvu. Yeye ndiye aliyemtunga Mpiga Ramli, anayechungulia kadi ya mtu mmoja kila usiku. Alimtunga Mganga, anayemkinga mwenzake asiliwe lakini hawezi kujikinga mwenyewe. Alimtunga Mjane, ambaye akitolewa anaondoka na mmoja wa waliomtoa, na Mlevi, asiyejua kadi yake mwenyewe. Wenzake walipomsifu, alikuwa akisema nguvu isiyo na gharama ni ugonjwa, na kazi ya fundi ni kutia gharama. Hilo alilisema mara nyingi, mpaka likaanza kuudhi.

Kila kadi mpya ilipita kwanza kwa mkewe, Zuwena, ambaye alifanya kazi posta na alikuwa na akili ya kuvunja vitu. Faraji alimweleza kadi, naye Zuwena anapepeta mchele. Zuwena alisikiliza, akatupa pumba, akasema, "Hii haifai, mume wangu. Ukinipa mimi, nitamaliza kijiji kizima chai haijachemka." Faraji alirudi kuitengeneza upya. Huko ndiko kupendana kwao, na mimi nimeona ndoa zenye maua na keki ambazo hazikufika hapo.

*

Sasa siku moja Mheshimiwa Ndonde, Waziri wa Umoja na Tahadhari, alifiwa na baba mkwe. Akaja matanga kama watu, akavua viatu, akapewa kadi. Alikaa kwenye mkeka akatazama shemeji akimshuku shemeji, jirani akimnyooshea kidole jirani, bibi kizee akimtoa mjukuu wake, na wote wakifanya hivyo kwa hiari, bila askari hata mmoja.

"Wenyewe kwa wenyewe," Waziri akasema, machozi yakimlengalenga. "Na wanafurahi."

Haikupita muda Faraji akaitwa wizarani, akapewa kiti cha kuzunguka na cheo cha Mtunzi Mkuu wa Taifa. Akafurahi, na mimi simlaumu, kwa maana fundi aliyezoea kusifiwa misibani akisifiwa na serikali hulewa. Uwanja ukajazwa wanafunzi, Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Serikali yenu sikivu imezipekua nguo zote za taifa hili. Imebaini, pasi na shaka, kwamba kila ofisi ina fisi wake. Yapo maofisi ambayo hatukuona dalili yoyote ya fisi. Hayo, ndugu zangu, ndiyo yenye fisi hodari."

Watu wakapiga makofi, na kila mmoja akimwangalia wa pembeni anapiga kwa nguvu kiasi gani.

Ukaanza mchezo wa kitaifa, kila mwananchi na kadi yake ya siri. Kwa kuwa ofisi hufungwa jioni, serikali iliuhamisha usiku. Usiku wa kiserikali ukawa unaingia saa nne asubuhi, king'ora kinalia, na nchi nzima inafumba macho. Wenye magari wanasimama barabarani wamefumba. Mkunga anafumba, na mtoto anazaliwa kwa kupapaswa. Kinyozi anafumba, wembe uko shingoni mwa mteja, na mteja naye amefumba akimwomba Mungu. Faraji alimuuliza Waziri nini hasa kinafanyika katika usiku huo.

"Mambo," Waziri akajibu.

"Mambo gani, Mheshimiwa?"

"Ndiyo maana mnafumba macho."

Kukicha, yaani baada ya king'ora cha pili, ofisi inakaa kumtafuta fisi wake, na ushahidi unatolewa kwa methali, ambazo zilipewa nguvu ya kisheria. Aliyenyamaza alishtakiwa kwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyesema sana alishtakiwa kwa debe tupu haliachi kuvuma. Aliyesema kiasi aliambiwa simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nchi ikatulia kabisa, ila watu walianza kukonda.

Likabaki suala la kufunua kadi. Waziri hakulipenda. "Wapiga kura wakiona wamemwonea mtu," aliuliza, "watajisikiaje?"

Faraji alilifikiria kifundi tu. Kadi isipofunuliwa, mashaka hayaishi, na mashaka ndiyo chumvi ya mchezo. "Kwa kweli, Mheshimiwa," alisema, "inanogesha."

Neno hilo lilimtoka mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

*

Posta walimtoa Zuwena kabla ya masika kwisha. Hoja ilikuwa moja: huyu analala na mwenye mchezo. Zuwena alijitetea hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba hoja hiyo haina miguu, na wenzake wakasikiliza mpaka mwisho, kisha mkuu wa posta akasema, "Mnaona anavyojua kujitetea?" Mikono yote ikainuka. Wa rafiki yake wa kaunta ya vifurushi uliinuka wa mwisho, lakini uliinuka.

Alirudi nyumbani na kikapu chake cha mchicha akakuta majirani wamekwisha tandika mikeka ya matanga yake. Walikuwa wanahangaika, hakuna aliyejua sufuria kubwa iko wapi. Zuwena akaitoa juu ya kabati, akawasha moto, akapika pilau. Waombolezaji wakala wakalamba vidole.

"Marehemu alikuwa na mkono," alisema mmoja.

"Alikuwa na mkono sana. Mungu amlaze pema."

"Kama chumvi haikutosha, ongezeni," alisema Zuwena, na hakujibiwa, kwa sababu sheria ilikuwa imekwisha pita. Marehemu hajibiwi. Akisalimu hapokelewi, akipanga foleni anarukwa, akianguka barabarani anapitwa pembeni kwa heshima. Anayemjibu marehemu anamfuata.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mgeni, mjumbe wa mtaa, mama mwema asiyekosa kumtembelea mgonjwa, mwenye sikio ambalo serikali ililithamini. Siku za mwanzo Faraji na mkewe walijaribu ujanja. Faraji aliongea na mtungi, "Ewe mtungi, leo nimechelewa, usinikasirikie." Zuwena alijibu akiiambia sufuria, "Sufuria, mwambie aliyechelewa chakula kiko juu ya kinu." Ilikwenda hivyo mpaka Bi Mgeni alipobisha hodi.

"Shemeji Faraji, nimesikia kama mtu anajibiwa."

"Nilikuwa naongea na mtungi, Bi Mgeni."

"Upweke wa mfiwa, nauelewa." Bi Mgeni alimtazama kwa huruma ya kweli. "Lakini mtungi wako unakuuliza kama umekula. Nakuomba, baba. Mimi nina watoto, na wewe una mtoto."

Faraji alikuwa naye kweli. Aliitwa Chiku, ana miaka mitano, na alikuwa mtoto wa maneno, anayemsimulia kuku ndoto zake. Shuleni walimfundisha wimbo, *marehemu hajibiwi, akiita jifanye kiziwi*, akauimba nyumbani akipiga makofi, kisha akauona uso wa mama yake akanyamaza katikati.

"Chiku, njoo nikusuke," Zuwena alimwita.

Chiku akamtazama baba yake. Faraji akatazama sakafu. Mtoto akaenda taratibu, akakaa katikati ya magoti ya mama yake, akasukwa kichwa kizima bila kutoa sauti. Zuwena alimuuliza kama nywele zinavutwa. Zilikuwa zinavutwa, machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mtoto alikuwa ameelewa somo lake.

Akalielewa kupita kiasi. Kwa kuwa hakuruhusiwa kumjibu mama, aliona salama zaidi asimjibu mtu yeyote. Kwanza aliacha kuongea na mama, kisha na baba, kisha na kuku. Mvua ziliisha, na nyumbani mwa Faraji hakukusikika tena neno ila la mtu aliyekufa, ambaye aliendelea kusema mchana kutwa, kuleni, ogeni, nimefua, jamani, nimefua, kwa sauti iliyokuwa ikipungua.

Mwalimu wa Chiku akamwita Faraji. "Muhula ujao shule za awali zinaingia kwenye mchezo," alisema, akiwa hamtazami usoni. "Chiku hasemi, mzee Faraji. Na unaijua ile methali ya kimya."

"Ana miaka mitano, mwalimu."

"Hata fisi huzaliwa mdogo. Si maneno yangu, ni ya mwongozo." Kisha akashusha sauti. "Mfanye aseme. Kwa njia yoyote ile. Mimi mwenyewe itabidi niinue mkono."

Faraji alirudi nyumbani. Alijaribu pipi, alijaribu vitisho, alipiga magoti mbele ya mtoto wake akamsihi aseme hata jina lake tu. Chiku alimfuta jasho kwa kiganja, hakusema. Na nyuma yao Zuwena alisimama mlangoni, akasema, "Niachieni mimi. Akinijibu mimi, atajibu wote." Faraji akajua ni kweli, na asingeweza hata kumwambia kwamba amesikia.

*

Fundi akishikwa, hukimbilia ufundi wake. Faraji alijifungia akatunga kadi mpya, akaiita Mfufuaji. Mwenye kadi hiyo, mara moja tu katika mchezo mzima, anamtaja marehemu mmoja, na marehemu huyo anarudi kijijini na sauti yake. Akaipeleka wizarani.

Alikuta Kamati ya Nguvu imekaa. Kila mheshimiwa alikuwa amekuja kuomba nguvu yake. Waziri wa Barabara alitaka yeyote atakayemshuku apotee njia akirudi nyumbani. Spika alitaka kura yake ihesabiwe mara mbili, na ihesabiwe hata akiwa amesinzia, kwani ndipo anapofanya kazi zaidi. Waziri wa Afya alitaka kuwa Mganga, ila asilazimike kuponya mtu. Mwingine, sikumbuki wizara yake na nadhani yeye pia haikumbuki, aliomba tu asijue lolote mpaka mwisho.

Zamani Faraji angewauliza gharama iko wapi. Aliwakubalia wote. Kalamu ilikuwa inakwenda, kichwani mwake mna msuko wa nywele na machozi ya mtoto. Aliposahau na kuuliza mara moja, kwa mazoea, "Na gharama ya nguvu hii, Mheshimiwa?", Spika alifumbua jicho moja akasema gharama itabebwa na wanakijiji.

Kisha akamweleza Waziri Ndonde habari za Mfufuaji.

Waziri alisikiliza, vidole vyake vikiwa vimeshikana juu ya tumbo. "Ukimfufua mmoja, Mtumbati, kila mtu atataka wake."

"Mara moja tu, Mheshimiwa. Kadi moja kwa nchi nzima."

"Na wewe ndiye mwenye kadi."

"Kama itakupendeza."

"Wewe ulitufundisha nguvu isiyo na gharama ni ugonjwa. Tutakuwa wagonjwa?" Akafungua kanuni, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa mwisho. "Hiki hapa kinaninyima raha. *Fisi wakiisha, mchezo umekwisha.* Umekwisha uende wapi?"

"Watu wanarudi makwao, Mheshimiwa. Marehemu wote wanafufuka."

"Wote? Wakiwa wanakumbuka nani aliwainulia mkono?" Waziri akajifunga koti vizuri. "Nitakuambia jambo, kwa kuwa wewe ni mtu wa nyumbani. Kadi za fisi hatukuzitoa."

Faraji hakuelewa.

"Picha yake ilikuwa inatisha. Mke wangu aliiona akasema hii itawaharibu watoto. Tukachapisha za wanakijiji peke yake, za kutosha nchi nzima, na mambo yamekwenda vizuri tu. Lakini mwanasheria, mtu wa wasiwasi, anasema kama kipengele hiki kipo na fisi hawakuwahi kuwapo, basi mchezo ulikwisha kabla haujaanza. Anasema marehemu wote ni wazima. Fikiria fujo yake."

Faraji alifikiria. Hakufikiria fujo. Alifikiria posta, na shule, na hospitali, na watu wanaopitwa barabarani kama mashimo, na wote hao, kwa mstari ule mmoja alioutunga mwenyewe juu ya mkeka wa msiba, walikuwa hai. Mkono mmoja wa Waziri ulikuwa kwenye mstari. Mwingine ulikuwa kwenye kadi ya Mfufuaji.

"Nikienda nje nikayasema haya?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo.

"Utakuwa marehemu kabla hujamaliza. Na marehemu, nani anamjibu?" Waziri alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mgeni mlango wa kutokea. "Kipengele au kadi, Mtumbati. Nina kikao kingine."

Niseme nini? Mtu aliyepangiwa kuchagua kati ya nchi na mwanawe, mpeni pole kwanza, lawama baadaye. Faraji aliona aibu mpaka masikio yakamvuma. Akajiambia kwamba kifungu chenyewe wasingekitimiza kamwe. Akajiambia kwamba atarekebisha baadaye. Akashika kalamu, akaufuta mwisho wa mchezo, akaufuta vizuri, kwa sababu Waziri alisema bado unasomeka.

*

Ufufuo ulipangwa kufanyika Ukumbi wa Taifa, adhuhuri, mbele ya halaiki, na ndiyo gharama nyingine ambayo Kamati iliiongeza: Mfufuaji ajitaje hadharani. Habari zikaenea. Kufika kwake Faraji alikuta watu wamejaa mpaka barazani, kila mmoja na wake. Walikuwa wameshika picha, mashati, kiatu cha mtoto. Pembeni mwa kuta walisimama marehemu wenyewe, wengi kuliko alivyodhani, wakimtazama bila kusema, ingawa sheria haikuwakataza kusema, walikuwa wamechoka tu.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kanga iliyopauka, alimshika mkono wa shati asimwachie. "Rajabu," alimnong'oneza. "Sema Rajabu, baba. Ni jina fupi tu, halitakuchosha."

"Mama, nina moja tu."

"Najua. Ndiyo nakuomba hiyo."

Alimtoa vidole kimoja kimoja. Akapanda jukwaani, akainua kadi ya Mfufuaji juu waione, na kabla ujasiri haujamwisha akasema, "Zuwena, binti Kondo."

Ukumbi ulishusha pumzi kama watu waliotua mzigo mbaya. Mkewe alitoka ukutani, akapanda ngazi, akasimama mbele yake. Tangu masika hawakuwa wametazamana moja kwa moja. Waziri akatangaza kwamba kijiji kimempokea, na kwamba sasa anajibika.

"Faraji," alisema Zuwena, "umekonda."

"Nimekonda, mke wangu." Alikuwa analia mbele ya taifa zima wala hakujali. "Nimekonda sana."

Lakini Zuwena alikuwa amekwisha geuza macho kuutazama ukumbi, kwa namna ile aliyokuwa akizitazama kadi mpya. "Umejitaja," alisema polepole. "Mganga akijitaja hafiki asubuhi. Si wewe uliyekuwa ukiwaambia hivyo?"

Alikuwa akiwaambia hivyo misibani, wachezaji wageni, akiwacheka. Mwenye nguvu asijionyeshe. Alikuwa ametunga kadi za watu wote muda mrefu mno, akasahau kwamba na yeye anacheza.

Chini ya jukwaa mwanamke wa kanga iliyopauka aliinua sauti. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hakubakiwa na kitu. "Samahani, waheshimiwa, mimi nauliza tu. Huyu mama kijiji kilimtoa kwa kuwa ni fisi. Sasa anayemrudisha fisi kijijini, yeye ni nani?"

Kwa sheria, swali ni shtaka. Kiatu cha mtoto kikainuliwa juu, na mkono uliokishika ukahesabiwa. Mashati yakainuliwa. Picha zikainuliwa. Waziri Ndonde akaziba uso kwa leso, kwa uchungu au kwa chafya, akainua mkono wake kwa adabu. Ikawa ni mikono tu mpaka barazani, na mkono mmoja ukabaki chini.

Ukumbi wote ukamgeukia Zuwena. Asiyeinua mkono ndiye anayefuata, kila mtoto alijua hilo. Faraji akajaribu kuinua mkono wake mwenyewe ayamalize, msimamizi wa kura akaushusha. Mchezaji hajipigii kura. Ilikuwa kanuni nzuri, aliitunga kuwazuia walevi kuharibu mchezo.

"Sitainua," alisema Zuwena.

"Inua."

"Faraji, nimekaa kule. Hukujui kule. Sitakupeleka."

"Zuwena." Alisogea karibu naye mpaka ikawa kama wako jikoni peke yao. "Chiku anafungua shule Jumatatu."

Zuwena alifumba macho, ingawa king'ora hakikulia. Mkono wake ukapanda kidogo, ukasimama, ukapanda tena. Faraji aliuangalia ukipanda. Ndicho alichokitaka, ndicho alichokiomba, na kilimuuma kuliko mikono yote ya ukumbi.

*

Matanga ya Faraji yalijaa watu kuliko ya mkewe, kwa kuwa marehemu alikuwa na cheo. Bi Mgeni alikaa mkeka wa mbele. Faraji mwenyewe alikaa kwenye kizingiti cha stoo, mahali asipomzuia mtu kupita. Wakasema alikuwa fundi. Wakasema yule bwana alikuwa mcheshi, japo mwisho wake si mzuri. Hakuna aliyecheza chochote.

Zuwena alimketisha Chiku mapajani, katikati ya ua, katikati ya watu.

"Chiku," alimwita. "Mimi naruhusiwa sasa. Nijibu."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama Bi Mgeni, akamtazama baba yake pale kizingitini kwa muda mrefu. Midomo ikacheza. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Baba yuko wapi?"

Watu waliacha kutafuna.

"Baba yako amefariki," alisema Zuwena.

"Kwa nini?"

Zuwena hakugeuza kichwa upande wa stoo hata kidogo. "Alikuwa fisi, mwanangu."

Chiku alinyamaza, na kimya hicho kikaanza kuwa kirefu, na Bi Mgeni akaanza kusogea kwenye mkeka. Zuwena alimshika mtoto mabega.

"Sema, mwanangu. Sema kwa sauti, watu wakusikie. Baba alikuwa nani?"

"Fisi," alisema Chiku.

"Kwa sauti."

"Baba alikuwa fisi!"

"Mtoto anasema vizuri kabisa," alisema Bi Mgeni, akashusha pumzi, na watu wote wakaitikia kwamba ni kweli, anasema vizuri, Mungu amkuze. Sinia likaendelea kuzunguka.

Kizingitini Faraji alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mvua za masika. Alipoweza kuitoa mikono, alisema, "Vizuri, mama. Umesema vizuri."

Na Chiku, ambaye alikuwa mtoto mwenye adabu, hakugeuka.